Mfumaji wa Endagikot

Baba alikuwa na kiwanda kidogo cha kufuma shuka na mablanketi, nyumbani kwetu Endagikot. Lilikuwa jengo refu la matofali, na ndani yake mitambo ya mbao aliyoichonga yeye mwenyewe. Nyuzi alizifuata Arusha. Shangazi zangu wawili walifuma pamoja naye, na mimi nililala na kuamka kwa mlio wa mbao zikigongana.

Wateja wake wakubwa walikuwa wafugaji wa uwanda wa Hanang. Siku za mnada alishusha mzigo Mogitu, na hakuwahi kurudi nao.

Kisha mashamba ya ngano ya serikali yakaanza kupanuka. Trekta zililima malisho mpaka upeo wa macho. Mzee mmoja wa Gehandu, rafiki wa baba wa siku nyingi, alikuja kutuaga.

"Tunahama," alisema. "Njia ya kupeleka ng'ombe majini imekuwa shamba."

"Mnaenda wapi?"

"Huko mbele. Tutajua tukifika."

Baada yake wakaondoka wengi. Shuka zikajaa ndani, zikaanza kuliwa na panya. Baba akamwambia mama amepata kazi ya kufuma mablanketi ya wafanyakazi wa mashamba yale ya ngano, hivyo atakaa huko mpaka mavuno yaishe, na nyuzi nyingine atazileta nyumbani shangazi wamsaidie. Mama alifurahi kweli. Akawaambia shangazi wasafishe mitambo.

Wiki zilipita bila habari. Mama akanituma na mjomba, aliyekuwa na safari ya huko, nikaulize nyuzi zitaletwa lini. Tulimkuta baba kwenye ghala, amekaa chini katikati ya vumbi la ngano, anashona midomo ya magunia kwa sindano kubwa na kamba ya katani.

"Shikamoo baba."

 Kwanza aliificha sindano nyuma ya mguu.

"Marahaba. Mama hajambo?"

"Hajambo. Anauliza nyuzi."

"Mwambie nyuzi bado." Akanitazama. "Hapana. Usimwambie kitu, mwanangu. Nitamwambia mwenyewe."

Njia nzima nilifikiria nitajibu nini. Nilipofika, mama alikuwa anapepeta mahindi. Hakuuliza nyuzi. Alisema tu, "Mikono yake ikoje?"

"Imepasuka."

Aliweka ungo chini, akaingia kiwandani. Nilimsikia akilia humo ndani, kilio cha mtu aliyejiziba mdomo kwa nguo.

Baba alirudi mavuno yalipokwisha, amekonda, anakohoa. Mama alimpokea begi, akampa maji ya kuoga, na hakumuuliza lolote. Jioni ile, tukila, baba alisema, "Mke wangu, kule sikuwa nafuma."

"Najua. Kula kwanza."

Hakufuma tena. Kifua kilimzidi, na mvua za kupanda zilipoanza tulimzika. Shuka za kumfunika hazikukosekana. Zilikuwa zimejaa ndani. Mama alichagua moja, akaikuta imetobolewa na panya, akachukua nyingine, nayo hivyo hivyo. Akaketi sakafuni na sindano na uzi, akaanza kuziba matundu. Shangazi walimsihi awaachie wao.

"Niacheni," aliwaambia. "Huyu alikuwa mfumaji."

Watu walisubiri uani mvuani mpaka akamaliza.