Mama Kumi na Wawili Bila Kuinuka

Waliokuwepo kwenye mkeka siku ile ni hawa. Mimi, bibi mzaa baba wa bibi arusi. Bibi arusi mwenyewe, mtoto wa pili wa mwanangu mkubwa. Mama yake, yaani mkwe wangu. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, aliyeolewa Magoma kule chini kwenye joto. Na majirani zetu wa hapa Mponde, tunaochuma nao chai. Majina yao wote ninayo, na ya mama zao, ila nimeombwa nisiyaandike. Shule nilikaa miaka mitatu tu. Majina sikuyajifunzia huko.

Katika nyumba ya mume wangu, msichana haolewi mpaka mwanamke mkubwa amtajie mama wa ukoo, kumi na wawili, kila mmoja na habari yake: alitoka wapi, alizaa wangapi, kipi kilimuua. Kazi hiyo ni ndefu kama kuivisha maharage ambayo hayakulowekwa. Na anayetaja haruhusiwi kuinuka. Akiinuka kabla ya wa mwisho, mkeka unahamia kwa anayemfuatia, wala haumrudii tena. Mimi nimeukalia tangu mama mkwe alipofariki. Anayenifuata ni wifi.

Sasa, miezi miwili kabla ya arusi, mkojo ulianza kunitania. Unabana, unabana, nakimbia. Choo chetu kiko chini ya migomba, ngazi ishirini na moja za udongo. Nikifika, matone matatu. Napanda, sijakaa vizuri, umebana tena. Mkwe wangu akawa ananihesabia: "Mama, hii ya sita na jua halijatoka!"

Kwetu kila kitu ni baridi. Mimi nilizaliwa Shume, na Shume mtu akikojoa sana anaambiwa baridi imemwingia kiunoni. Basi nikavaa sweta mbili, nikakaa jikoni karibu na moto. Na maji nikayaacha kabisa. Nilijiambia, chombo kisichotiwa maji kitatoa nini? Nikabaki na chai tu, ile ya rangi, kali, maana chai inapasha mwili. Asubuhi, saa nne, mchana, jioni.

Ikazidi. Ikawa inachoma. Mkojo wenyewe mweusi kama hiyo chai.

Wifi alipopanda kuja kupanga mambo ya arusi, nikamwacha na maneno yake mara tatu nikitelemka ngazi. Mara ya nne akacheka mpaka mtandio ukamwanguka.

"Wifi, mkeka huo utaukalia wewe au ngazi?"

"Nitaukalia mimi."

"Na kikombe kimoja cha maji umekunywa leo? Nyie watu wa juu hamnywi mpaka mvua iwanyeshee mdomoni. Sisi Magoma tusipokunywa tunaanguka shambani."

"Ndiyo maana mmejaa maji kichwani," nikamjibu. Lakini usiku huo sikulala kwa mawazo. Niliona mkeka unatelemka mlima kwenda Magoma.

Kesho yake nilikwenda zahanati na mjukuu wangu, bibi arusi. Nesi alikuwa mdogo kuliko yeye. Akaniamkia shikamoo, nikaitikia, kisha nikaona haya, nikamwambia mgongo unauma. Mjukuu akanigeukia. "Bibi, sema kilichotuleta!"

Nikasema.

Yule nesi hakucheka. Aliniuliza maswali ambayo hata mume wangu hakuwahi kuniuliza. Inachoma? Nina homa? Choo kikubwa napata? Nikamwambia siku nne sijapata. Nilizaa wangapi? Tisa. Kuna kitu nahisi kinashuka chini? Hapana. Akanitoboa kidole kupima sukari, haikuwepo. Akanipa kichupa. Kukijaza, jamani, nilimaliza nusu saa!

Majibu yalipotoka akanieleza taratibu. Vijidudu vimeingia kwenye njia ya mkojo, na vijidudu hukifanya kibofu kidai choo hata kama ni kitupu. Tena mkojo ukiwa mzito kwa kukosa maji, wenyewe unakichoma kibofu. Chai kali nayo inakichokoza. Na choo kigumu kikijaa tumboni kinakisukuma kwa pembeni. Wengine, alisema, ni sukari, ni kijiwe kwenye kibofu, ni kizazi kulegea kwa uzazi mwingi, ndiyo maana lazima mtu apimwe asijikisie.

"Kwa hiyo si baridi?" nikauliza.

"Bibi, baridi ingekuwa inaua vibofu, Lushoto nzima ingekuwa chooni."

Akanipa dawa, akanihimiza nizimalize hata nikipona mapema. Maji ninywe kidogo kidogo kutwa, chai nipunguze, nile mboga na matunda. Plamsi zilikuwa zimeiva. Nilikula mpaka mkwe akaficha kapu. Siku ya tatu ngazi zikaanza kunisahau. Vidonge nilimaliza vyote. Maji nilikunywa mbele ya mkwe, yeye shahidi.

Siku ya arusi nikakaa. Wifi akakaa kulia kwangu, amenyoosha miguu, ananitazama kiunoni kama mtu anayengoja chungu kichemke. Nikaanza. Wa kwanza, aliyekuja na mbuzi mmoja na jembe. Wa pili, aliyezaa mapacha wakati wa njaa. Nilipofika wa saba wanawake walikuwa wanaitikia kwa pamoja, mpaka ukuta unarudisha sauti. Wa tisa, nikasikia mkeka unachakacha pembeni yangu. Wifi ameinuka! Anatelemka ngazi mbio, gauni mkononi. Joto la Magoma limemzoesha maji, na ubaridi wetu hautoi jasho.

Nilimtaja wa kumi, wa kumi na moja. Wa kumi na mbili ni mama mkwe wangu, aliyeniachia mkeka, na kiuno hakikutikisika. Vigelegele vilimkuta wifi katikati ya ngazi. Akaingia, akachota kikombe cha maji kwenye mtungi, akaniletea kwa mikono miwili.

"Kunywa, wifi. Mkeka ni wako."

Nikanywa chote.

Waliokuwepo mkisoma haya, kama nimekosea mahali, nisahihisheni. Huenda wifi aliinuka kwa wa nane, si wa tisa. Huenda ngazi ni ishirini na mbili. Ila kwamba mimi sikuinuka, hilo msije mkanisahihisha.