Kipande cha Kopo la Mafuta ya Kupikia

Pikipiki ya baba ilikaa miaka mingi kwenye banda la majani ya ng'ombe, huko kwetu juu ya Kikatiti, kabla sijaishusha gereji kwangu Sombetini. Enzi za uinjilisti wake aliipandisha mlima mvua kwa jua. Masikio yake yalipoanza kuziba aliniomba jambo moja tu: aisikie tena kabla hajawa kiziwi kabisa.

Nikamwambia wiki tatu. Natengeneza bodaboda tangu nimalize shule, na mdomo wangu siku zote hutangulia mikono.

Nilifungua injini, nikaiosha kwa mafuta ya taa mpaka ikang'aa. Beringi zinazoshika krenki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, pande mbili nilinunua mpya. Ya kushoto iliingia kwenye nafasi yake kwa kusukumwa na kidole gumba. Kwa kawaida beringi huingia kwa shida, mpaka upashe kasha la injini moto na kugonga taratibu. Mimi nikajisifu kwamba nimeosha vizuri.

Injini ikawaka, ikakoroma kama mtu mwenye mafua. Nikalaani duka la spea kwa kuniuzia feki. Nikabadilisha beringi, ikakoroma. Nikabadilisha tena. Miezi ikapita, na kila nilipopanda kumwona baba, shikamoo yangu iliwafikia majirani kabla ya kumfikia yeye.

Mwishowe akashuka mwenyewe gereji, akaniambia niwashe injini, akaomba bisibisi ndefu. Sisi mafundi huweka ncha kwenye injini na mpini sikioni, tusikilize kilichomo ndani. Yeye aliuuma mpini kwa meno, mtetemo umfikie kwa mifupa ya kichwa badala ya masikio, akafumba macho.

"Ya kushoto inacheza," akasema. "Kile kibati changu umekiweka wapi?"

Nikamuuliza kibati gani. Akanieleza kwamba nafasi ile ililika zamani, na siku hizo spea hazikupatikana; akakata ukanda wa kopo la mafuta ya kupikia jikoni kwa mama, akauzungushia beringi ikakaza. Hapo nikaukumbuka ukanda mweusi nilioutoa siku ya kuosha. Niliucheka, nikauliza ni fundi gani aliyeacha takataka ndani ya injini, kisha nikautupa.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi mkuu wangu hata sikumuuliza, na guu likavunjika lake. Miezi niliyoichezea ilikuwa ya masikio yake. Niliona aibu, nikamwomba msamaha kwa sauti ambayo gereji ya pili waliisikia.

"Tengeneza," akanijibu.

Nilipeleka kasha kwa fundi wa kukereza vyuma, akanichongea pete ya kuziba pale palipolika. Safari hii beringi ilinitoa jasho kuingia, nami nikafurahi.

Siku ya kuijaribu nilimkalisha baba kwenye kiti cha plastiki karibu na pikipiki, nikapiga kiki. Injini ikawaka, ikatulia, bila mkoromo wowote. Nikamgeukia nikicheka. Alikuwa ananitazama, bado anasubiri niiwashe.

Nikachukua bisibisi, nikaifuta kwa shati langu, nikampa. Akaweka ncha upande wa kushoto, akauma mpini.

Alikaa hivyo muda mrefu. Mate yalimtiririka kidevuni, wala hakuyafuta. Nilipopeleka mkono kwenye swichi niizime, akanishika kifundo cha mkono, akakikaza.