Sauti Tano za Mama Agnesi

Nakumbuka alasiri moja ya harusi pale kijijini Mkunya, mwanangu, siku niliyojiona bingwa wa gitaa kabla sijajua kusikiliza.

Ilikuwa miaka ile maduka ya Masasi yalipoanza kujaa bidhaa baada ya uhaba wa muda mrefu. Sokoni nikapata kaseti ya bluzi, muziki wa watu weusi wa Marekani, wenye huzuni tamu. Niliisikiliza mpaka mkanda ukalegea. Nikajifunza skeli ya minor, ile ngazi ya sauti za muziki huo, kwa vidole tu, juu mpaka chini ya shingo ya gitaa, na mbio zangu zikanitia kiburi.

Siku hiyo tulikuwa tunamwoza binamu yangu Rehema. Mama Agnesi, mjane aliyeongoza kwaya yetu ya kanisa, aliombwa aimbe, na bendi yetu ndogo imsindikize. Mimi nilishika solo. Alipofungua kinywa tu, nikaanza kupanda na kushuka skeli bila kupumzika. Vijana wakanishangilia. Yeye akaimba beti mbili, akanyamaza, akaenda kukaa. Nikadhani amechoka.

Jioni nilimfuata kumwamkia, nikitegemea sifa.

"Shikamoo, Mama Agnesi."

"Marahaba, baba. Umepiga sana leo. Hebu niambie, niliimba nini?"

Sikuwa nimeshika hata neno moja. Kumbe ulikuwa wimbo aliomtungia Rehema, binti ambaye yeye ndiye alimlea tangu alipofiwa na mama, na mimi nilikuwa nimeufunika.

"Sina hasira nawe," akasema. "Njoo kesho na hilo gitaa lako."

Mama Agnesi hakujua gitaa. Alijua la, do, re, mi, so za kwaya, akanionyesha kwamba skeli yangu ndiyo hizo sauti tano. Sharti lake lilikuwa moja: nisiguse uzi kabla sijaimba sauti ninayoitaka. Ikawa hivi: anamenya mihogo, anaimba mstari. Namjibu kwa sauti mbili tatu, nanyamaza, anaendelea. Nikizidisha, anaweka kisu chini na kunitazama. Kati ya re na mi akanitafutia sauti moja ya kupitia, isiyo ya huku wala ya kule. Nilikuwa nikiipita kila siku bila kuisikia. Nilipoivuta taratibu kwa kidole, akacheka. "Hapo umelia," akasema.

Baada ya mavuno ya korosho, Rehema alikuja kutoka kwa mumewe, kijiji cha Chiungutwa, kutusalimia. Nikamwomba Mama Agnesi auimbe ule wimbo, pale uani kwake. Akaimba beti zote nne. Mimi nilipiga kidogo tu, pale alipovuta pumzi. Rehema alilia, kisha akaomba urudiwe, nasi tukaurudia mpaka chai ikapoa.

Mwanangu, jifunze skeli zako zote, vidole vizizoee, wala usione uvivu. Ila iimbe sauti kabla ya kuipiga, na anayeimba mwache amalize. Ukimkosea mtu, usimkwepe. Rudi kwake ujifunze. Mungu akupe masikio mema kuliko vidole vyepesi, na akujalie watu wa kuimba nao mpaka uzee wako.