Picha Niliyoililia

Mgongo uliponishika, nilikuwa na ombi moja tu: nipigwe picha ya eksirei. Sikutaka vidonge wala sindano. Jirani yangu alipigwa ya kwake akaitundika sebuleni pamoja na bahasha, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kumwambia ashike jembe. Mimi nilikuwa na wiki mbili nikilia, na aliyeniamini ni mama peke yake.

Niseme ukweli, nilikuwa nalia kwa bidii. Nilikata ndizi kwenye kibanja chetu cha Rugu, mvua ikatishia, nikabeba mikungu miwili kwa mkupuo. Kiuno kikakaza hapo hapo. Mke wangu alikuwa Bukoba akimuuguza dada yake, kwa hiyo mzigo wangu ukamwangukia mama, mwanamke wa miaka sabini na kitu. Alinipikia uji, akanikanda kwa maji ya moto, akamenya ndizi, akaanika kahawa na kuianua. Mimi kazi yangu ilikuwa kuguna kwa sauti, asije akasahau kwamba nipo.

Mwishowe akasema twende kituo cha afya. Alinisindikiza kwa sababu, alivyosema, mimi naongeza chumvi. Tulichukua bodaboda mbili. Kwenye kila shimo nilipiga yowe. Yeye kwenye ya kwake alikaa kimya, nikadhani anafurahia safari.

Tabibu alikuwa mdada wa Muleba. Alimwamkia mama shikamoo, kisha akanigeukia. Nikamwambia nimefuata picha.

"Picha baadaye. Kwanza nijibu. Ulianguka?"

"Hapana. Nilibeba ndizi."

"Umekonda?"

Nikatazama kitambi changu, naye akakitazama, tukaelewana.

"Homa? Miguu kufa ganzi au kuishiwa nguvu? Haja ndogo inatoka vizuri?"

Haja ndogo, mbele ya mama yangu. Nikajibu nikitazama viatu kwamba yote ni salama.

"Maumivu yanakunyima usingizi?"

Nikakiri kwamba nalala fofofo.

Akaandika kidogo, akaniambia kwamba ni msuli umevutika na picha haitaonyesha kitu. Nitembee, nisishinde kitandani, ninywe vidonge vya siku tano. Nisipopata nafuu, au lolote kati ya aliyoniuliza likitokea, nirudi. Nilikasirika kweli. Nikamuuliza kama nimetoka Rugu kote huko kuja kuambiwa nitembee.

Mama akakohoa.

"Waitu daktari," akasema, kwa neno letu la heshima, "hayo maswali. Je, akiwepo mtu wa kuyajibu kwa ndiyo?"

"Mtu gani, mama?"

Mama akatazama mlango, halafu sakafu. Akaeleza polepole kwamba aliteleza akianua kahawa, akaangukia makalio, na sasa ilikuwa siku ya kumi. Kulala hawezi, hata akigeuka upande gani. Tabibu akamwomba asimame alegeze kitenge. Chini yake alikuwa amejifunga gamba la mgomba kiunoni, limekazwa kwa kamba mpaka limeacha alama. Tabibu akagusa uti wa mgongo kwa vidole viwili, taratibu, akishuka. Alipofika mahali fulani mama akatoa sauti ndogo. Sikuwahi kuisikia maishani mwangu.

Picha ikaandikwa dakika ile ile, kwa jina lake. Umri huu, ameanguka, na mfupa unauma ukiguswa: hapo, tabibu alisema, hatusubiri. Niliogopa. Nilikaa nje ya chumba cha picha nikiomba sala zote nilizofundishwa kipaimara, na nyingine za kubuni.

Pingili moja ya uti wa mgongo ilikuwa imebonyea. Mifupa ya uzeeni, tukaelezwa, huvunjika kwa kitu kidogo. Itaunga, kwa dawa na mapumziko, mradi asiiname wala kubeba kitu, hata sufuria.

Tulipokuwa tunangoja dawa nikamuuliza, kwa ukali ambao sikuwa na haki nao, kwa nini alinyamaza siku zote hizo. Akanishangaa.

"Ulikuwa unaumwa wewe," akasema. "Tungelala wote wawili, ndizi angemenya nani?"

Jioni hiyo nilimenya mimi. Nilikaa kwenye kigoda chake, utomvu ukaninata vidoleni, nikainamia kapu nikiguna kila ndizi, mpaka nikaisikia sauti yangu mwenyewe. Nikanyamaza, nikaendelea kumenya.