Mikono Mitupu Kwenye Kengele

Nyumba ya fundi wa pikipiki iliungua asubuhi, wengi wetu tukiwa shambani. Tulipoona moshi tulidhani ni mtu anachoma majani. Tulipofika, mbao za ukuta zilikuwa zimekwisha anguka. Mke wake alikuwa amekaa chini barabarani na matela, godoro lao, pembeni yake, shingo imeungua upande mmoja. Alikuwa ametoka nje salama, tena wa kwanza. Halafu akarudi ndani kuchukua ile matela.

Watu walisema ni uzembe wa mume, kwa sababu aliweka esansi, mafuta ya pikipiki, kwenye chupa ndani ya nyumba, ya kuwauzia wenye pikipiki wanaoelekea Mubi. Inawezekana. Lakini sikuona moto ulivyoanza, na wakati ule hata sisi petroli yetu ya taa ilikuwa chini ya kitanda.

Kapita wa kijiji aliita mkutano kwenye kiwanja cha kanisa. Alisema kila nyumba iwe na bidoni mbili za maji zilizojaa, gunia la mchanga karibu na jiko, petroli ikae nje, na kila familia ichague mahali pa kukutana ili watu wahesabiane. "Na kila muntu atoke na roho yake tu," alisema. "Vintu, muache viungue." Tuliitika wote. Ilikuwa rahisi kuitika, tumesimama kwenye majani, hakuna kinachowaka.

Sisi tuko watu sita. Mume wangu na mimi, watoto watatu, na mama mukwe wangu, ambaye watoto wanamuita Koko, na mguu wake wa kushoto haumsikilizi tena. Msichana mkubwa ana miaka kumi na tatu, wa katikati ana tisa, mvulana mdogo ana mitano. Tulitoka kwenye milima ya Masisi, ambapo wazee wa mume wangu walilima maharagi na mihogo tangu zamani. Vita vilitusukuma mpaka huku Kibua. Nyumba yetu ni ya mbao na juu yake kuna bashi, turubai ya plastiki. Jiko ni kibanda cha miti na nyasi, kimekaa karibu mno na nyumba. Nilimwambia mume wangu tukisogeze. Akasema baada ya kupanda. Sikumlaumu, maana nguvu zake zote zilikuwa zinaishia shambani.

Maji na mchanga tuliweka siku ileile. Mlango ndio ulitusumbua. Huku tunafunga kwa gogo zito kwa ndani, kwa sababu ya watu wanaokuja na bunduki. Kapita alitaka mlango ufunguke upesi.

"Upesi kwa nani?" mume wangu aliuliza. "Kwa sisi ao kwa wezi?"

Mwishowe alichonga gogo jepesi, ambalo hata mdogo anaweza kuinua. Siku za kwanza nililiangalia lile gogo kama mtu anayeangalia deni. Sasa siliangalii tena. Sijui kama nimezoea ao nimechoka tu.

Jumamosi moja nikasema tufanye jaribio. Niliwaambia watoto kwamba nikipiga kifuniko cha sufuria na kusema moto, wote watoke, tukutane kwenye kengele ya kanisa. Kengele yetu ni jante, ringi ya gurudumu la lori, iliyotundikwa kwenye nguzo, unaiona kutoka mlangoni kwetu. Nikapiga. Nikaita. Nikaenda kusimama pale kwenye jante, nikangoja.

Hakuna aliyetoka. Nilisikia tu vitu vinagongana ndani.

Halafu wakatoka. Mkubwa alikuwa na sufuria kichwani, kisu na chumvi ndani yake. Mdogo alikuwa na mkeka umekunjwa begani, unamzidi urefu. Wa katikati alitoka upande wa jikoni na gunia dogo la mbegu, amelifunga mgongoni kwa kitenge kama mtoto mchanga. Hawakuja kwenye kengele hata kidogo. Walifika barabarani wakageuka upande wa Mubi, mmoja nyuma ya mwingine, wakaanza kutembea.

"Munaenda wapi?"

Mkubwa alisimama. "Mama, si weye njo umesema moto?"

"Moto! Sikusema vita!"

"Na kule Masisi nyumba yetu haikuungua?"

Alisema kweli. Ni mimi nilimpa kila mmoja mzigo wake, kule Masisi, baada ya kukimbia mara ya kwanza mikono mitupu na kulala njaa. Niliwafundisha mpaka wakajua bila kuambiwa. Niliwafundisha vizuri kuliko mwalimu yeyote alivyonifundisha mimi, na mimi shule niliiacha mwaka wa sita wa primeri. Sasa nilitaka wasahau kwa asubuhi moja.

Halafu tukasikia sauti kutoka ndani.

"Mimi nimeisha kuungua ao bado?"

Ilikuwa Koko. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, kitambaa kichwani, tayari kwa safari. Kila mmoja alikuwa na mikono imejaa, hakuna aliyebaki na mkono wa kumshika.

"Munaniacha sawa vile kiti," alisema. "Hata sufuria njo imenipita."

Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini. Nilicheka pia, lakini si sana.

Jumamosi iliyofuata nilibadilisha. Mkubwa, mzigo wake ni Koko. Mdogo anashika sketi ya dada yake. Wengine mikono mitupu. Wakifika kwenye kengele ninasema "Mikono!" na kila mmoja ananionyesha viganja. Walipenda, wakafanya kama mchezo. Wa katikati alinyoosha viganja vyake viwili mbele yangu, vitupu kabisa, anatabasamu. Nikamzungusha. Gunia lilikuwa mgongoni.

"Hii mutoto itakuwa generali," mume wangu alisema.

"Weye umesema mikono," msichana alijibu. "Hukusema mugongo."

Lazima niseme kuhusu lile gunia, la sivyo mtu ataona mtoto ni mkaidi. Tulipokimbia Masisi, ni yeye aliyebeba mbegu za maharagi. Alikuwa mdogo kuliko sasa. Tulipofika huku, kila kitu kingine tuliomba ao tulikosa, lakini mbegu tulikuwa nazo, na shamba letu la kwanza hapa Kibua lilitoka mgongoni mwake. Nilimsifu mbele ya watu wote. Koko alimpa jina la sifa, halafu akamkatia nyama kutoka sahani yake mwenyewe. Je, mtoto aliyesifiwa namna ile utamwambia nini?

Na mbegu zinakaa mahali pabaya kuliko pote. Sisi tunazitundika juu ya mafiga, ndani ya moshi, ili vidudu visizile. Yaani moto ukianza jikoni, zile mbegu ndizo ziko katikati yake. Niliwaza kuzihamishia ndani ya nyumba. Koko alikataa. Nikatoa za mkebe mmoja tu, nikaziweka chini ya kitanda pale ilipokuwa petroli. Mwezi haukuisha, Koko akaja kunikalia pembeni, akaniwekea ule mkebe kwenye mapaja. Unga ulikuwa chini, na kila haragi lina tundu. Alikuwa na haki, nikazirudisha jikoni zile zilizobaki.

Nikamwita msichana wa katikati, tukakaa tunachambua sombe, majani ya mihogo.

"Moto si vita," nilimwambia. "Vita unaweza kuisikia kwa mbali, unapata muda. Moto haukupi muda. Jikoni kukiwaka, usiingie. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Unaacha gunia."

Alikata majani kidogo. "Na tutapanda nini?"

Nilisema Mungu atatoa. Aliniangalia. Nadhani aliona kwamba nimesema tu ili aniache, na ni kweli nilisema hivyo. Halafu nikasema kwa ukali, "Uniapie." Akaapa. Jumamosi mbili zilizofuata alifika kwenye kengele bila gunia, akageuka mwenyewe kunionyesha mgongo kabla sijamuuliza. Lakini hakutabasamu tena. Kila niliposhika sombe nilijiuliza: siku ile ikifika kweli, atakumbuka kiapo ao atakumbuka sifa?

Siku ilifika mchana, mvua ilikuwa imetoka kukatika, mume wangu yuko shambani. Kuni zilikuwa mbichi, na mimi nilizipanga juu ya mafiga, pembeni ya mbegu, ili zikauke. Koko alikuwa ameniambia asubuhi, "Hizo kuni iko karibu sana." Nilimjibu ndiyo mama, halafu nikaziacha. Niliweka mafuta ya mawese kwenye sufuria, nikaingia nyumbani kutafuta chumvi. Chumvi haikuwa mahali pake. Labda nilikawia. Nilipotoka, mafuta yalikuwa yanawaka na kuni za juu zimeshika.

Nilipiga kelele. Kifuniko sikupiga, kilikuwa kule ndani.

Na walitoka. Nataka niandike vizuri hapa, kwa sababu ndicho kitu kimoja tulichokifanya sawasawa. Mkubwa alitoka na Koko amemwegemea, mdogo ameshika sketi, wakaenda moja kwa moja kwenye kengele. Wa katikati alitoka peke yake. Alisimama kati ya nyumba na jiko. Alitazama mlango wa jiko, nikaona miguu yake inataka. Nilifungua mdomo nimuite, lakini kabla sijaita alikuwa ameinua mikono yake miwili juu, mitupu, kama mtu anayetekwa, akakimbilia kwenye kengele analia.

Basi mtoto alipona. Wote walipona. Kazi yangu ilikuwa imeisha, ningewafuata tu.

Niliingia jikoni.

Sijui kueleza. Sikufikiri chochote. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka nilichofikiri, hakuna. Nadhani miguu yangu nayo ilikuwa imefundishwa zamani. Nilipitisha mkono juu ya moto, nikavuta gunia, kamba ikakatika yenyewe kwa sababu ilikuwa imeungua. Nilipotoka, nyasi za paa zilianguka nyuma yangu. Majirani walikuwa wamefika. Walimwagia bashi maji ya bidoni zetu, wakatupa mchanga, na nyumba ikabaki. Kwa hiyo kapita alitusaidia kweli, hilo siwezi kulikana.

Nilikwenda kwenye kengele nimekumbatia gunia. Walikuwa wamesimama wote wanne. Msichana wa katikati bado alikuwa amenyoosha viganja.

"Mama," alisema. "Mikono."

Niliweka gunia chini. Nikanyoosha. Wa kushoto ulikuwa mzima. Wa kulia, ngozi ilikuwa imetoka kuanzia vidole mpaka karibu na kiwiko. Aliuangalia muda mrefu. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

"Weye njo uliniapisha," alisema tu.

Koko aligeuza uso upande mwingine. Aliporudi kutuangalia, alimshika yule mtoto mkono akamsogeza karibu naye, mimi akaniacha nilivyo.

Muuguzi wa kituo cha afya alinifunga mkono. Wiki zile sikulima, sikupika. Mkubwa alipika, mume wangu alilima kwa ajili ya watu wawili, jioni hakuwa na nguvu hata ya kunilaumu. Jiko jipya alilijenga mbali, kule karibu na migomba. Koko alichambua mbegu kwenye ungo. Za chini zilikuwa nyeusi, hizo tulizitupa. Za katikati zilikuwa zimeiva kwa moshi, tukazila. Za juu zilionekana nzima, tukazipanda. Zilizoota unaweza kuzihesabu kwa vidole, hata vya mkono wangu mzuri tu. Ndivyo ilivyo, nilichoma mkono kwa maharagi yaliyokuwa yamekwisha kufa.

Mke wa fundi wa pikipiki alikuja kunisalimia. Shingo yake ilikuwa imepona vibaya, imevuta ngozi, akitaka kukuangalia inabidi ageuze mwili mzima. Alikuwa na beseni ndogo ya maharagi imefunikwa na kitambaa.

"Pole, dada," alisema. "Mimi nilirudilia matela. Weye, maharagi. Angalau mimi ninalalia yangu."

Tulicheka. Mkono uliniuma nikicheka.

"Hizi njo mbegu," alisema. "Ningeleta mapema, lakini sikujua kama munataka."

"Ulikuwa nazo siku zote?"

"Sasa zingetoka wapi? Ungeuliza tu."

Msichana wa katikati alikuwa mlangoni, alisikia. Alikuja akachukua ile beseni kutoka kwa jirani, akashukuru kwa heshima, akaipeleka ndani. Nilitaka kumwambia kwamba swali lake sasa lina jibu, kwamba tutapanda za kuomba, na ningemwambia hivyo tangu siku ile ya sombe badala ya kumtajia Mungu. Labda sikuwahi kufikiri kwamba mtu aliyeunguliwa na nyumba ana kitu cha kunipa. Sikusema. Nadhani alikwisha elewa, ila sina hakika, na kumuuliza naona haya.

Jumamosi iliyopita tulirudia jaribio. Mbegu mpya ziko juu ya moshi, katika jiko la karibu na migomba, hatujapata mahali pengine. Nilichukua kifuniko, lakini msichana wa katikati alininyang'anya.

"Napiga mimi," alisema.

Akapiga. Mkubwa akatoka na Koko, mdogo nyuma yao. Nilimngoja huyu wa katikati awafuate. Hakuwafuata. Alikuwa amesimama kwenye njia ya jiko, ameiziba kwa mikono miwili, kifuniko bado kinaning'inia kwenye kidole.

"Mama," alisema, "weye kwanza."

Nikaenda kwenye kengele.