Shangazi kakosoa fizikia yangu

Jamani, leo shangazi yangu anayeuza kamba wabichi hapa Salale kanikosoa fizikia.

Nilikuwa barazani na kompyuta, naigiza safari ya chembe zenye nguvu kubwa kutoka galaksi za mbali hadi duniani. Matokeo yalikuwa mazuri mno. Kesho yalikuwa yaende kwa msimamizi wangu chuoni.

Shangazi akachungulia nukta zinazotembea kwenye kioo.
"Nukta hizo zinatoka mbali?"
"Mbali sana, shangazi. Mamilioni ya miaka njiani."
"Na zinafika na nguvu zile zile?"
"Ndiyo."

Akanitazama kwa huruma.
"Mwanangu, mimi kwenda Kibiti tu nafika hoi. Hizo hazigongani na kitu huko njiani?"

Nikaifungua programu nikague.

Zinagongana. Anga zima limejaa mwanga hafifu, na kila zikigongana nao zinapoteza nguvu. Sehemu hiyo ya programu niliizima wiki iliyopita ili kazi iende haraka, nikasahau kuiwasha.

Naanza upya. Siku tatu.

Nimemwandikia msimamizi kwamba kuna kosa. Kauliza nani kaligundua. Nimemjibu ukweli: shangazi yangu.

Kajibu sasa hivi: "Amesomea wapi?"

Nishaurini.