Vuta Tumbo Ndani

Jina lake la kuzaliwa lilishasahauliwa na wengi. Hata mumewe alilikumbuka pale tu alipokuwa na jambo la kuombea radhi. Watu walimwita Bi Pini, kwa sababu asubuhi akikaa kwenye cherehani alitia pini midomoni na hazikutoka mpaka wakati wa chakula. Alizungumza nazo, alicheka nazo, aligombana nazo. Mteja mgeni aliambulia mngurumo tu, ila wa siku zote walimwelewa bila taabu.

Kazi yake aliifanyia sebuleni. Cherehani ilikaa dirishani penye mwanga, na kona ya pili ilizibwa kwa pazia. Nyuma ya pazia palikuwa na kioo kirefu chenye ufa kwa chini, ambapo wanawake wa mtaa walisimama kupimwa. Hapo Bi Pini alikuwa na usemi wake, akiizungusha futi ya kupimia kiunoni mwa mtu: "Vuta tumbo ndani, mama. Vuta tena. Hapo sasa umekuwa mtu."

Wateja walicheka. Kutaniwa na Bi Pini kulikuwa sehemu ya huduma, na asiyetaniwa alirudi kwake akijiuliza amemkosea nini. Baadhi yao walirudi baada ya sherehe na zipu zilizoachana, maana hakuna awezaye kukaa karamuni siku nzima bila kupumua. Bi Pini alizishona upya huku akiwauliza kama walibakiza sahani. Kwamba kosa lilikuwa la upimaji wake, hilo halikumjia. Au lilimjia akajitia hamnazo, maana mafundi nao ni watu.

Watoto wake wakubwa walikwishahama. Nyumbani alibaki na wa mwisho, Kitinda, msichana wa darasa la nne mwenye mifupa mipana ya shangazi zake na kicheko cha kusikika nje ya geti. Siku moja mama yake mdogo alikuja kuwatembelea kutoka mbali, akamletea Kitinda mwanasesere.

Alikuwa mwanasesere wa mitindo, na miguu yake ilianzia karibu na kwapa. Nyayo zake zilisimama kwa vidole muda wote, kana kwamba anachungulia ukuta wa jirani. Kiuno chake ukikizungushia vidole viwili, nafasi ilibaki. Bi Pini alimgeuzageuza kifundi, akasema kupitia pini zake, "Huyu utumbo wake kauacha wapi?" Wakacheka wote, Kitinda kuliko wote. Wakampa jina la Madamu.

Usidhani Bi Pini alimchukia Madamu. Alimpenda kupita kiasi, kwa sababu kwa miaka alikuwa akimbembeleza mtoto ashike sindano na mtoto akikimbia. Sasa Kitinda alijileta mwenyewe kuokota vipande vya vitambaa chini ya meza. Kwa Madamu alijifunza kupiga bandi, kukunja pindo, na kumalizia uzi kwa lile fundo dogo linalolala upande wa ndani, ambalo Bi Pini alifundishwa na mama yake na hakupata kumwonyesha fundi mwingine yeyote. Kila gauni lililoshonwa mle ndani, Madamu alipata lake la kitambaa hichohicho. Wateja walimtazama pale juu ya meza wakasema, "Laiti langu lingekaa hivyo." Kitinda alikuwa palepale, akitunga uzi.

Kisha mtoto akaanza kushiba haraka. Vijiko viwili vitatu, akasukuma sahani. Bi Pini alidhani ni minyoo, akampa dawa. Akadhani ni mtihani, akamwombea. Kile kicheko cha getini nacho kikapungua, lakini kuna siku mtu hushukuru nyumba ikitulia, na hilo lilimpita.

Kilichomshtua ni sare ya shule. Aliishona mwenyewe mwanzoni mwa mwaka, na kama ilivyo desturi yake kwa watoto, aliacha akiba nene ya kitambaa ndani ya mishono ili gauni liongezwe mtoto akikua. Asubuhi moja akaona Kitinda anahangaika kulivuta mabegani. Akafurahi, mtoto anakua! Jioni akaligeuza ndani nje na wembe mkononi, tayari kufumua.

Akakuta kazi isiyo yake. Mbavuni, huku na huku, mtu alikuwa amelipunguza gauni kwa bandi za mkono, ndogondogo, zilizonyooka. Damu ikamchemka. Nani amethubutu kugusa mshono wake? Akafuata uzi kwa kidole mpaka mwisho, na mwisho wa uzi palikuwa na fundo limelala upande wa ndani. Akakaa kitako sakafuni na gauni mapajani.

Alimweleza mumewe, mtu mpole aliyekuwa akitengeneza saa na hakupenda jambo lolote la haraka. Safari hii hakusita. "Ni huyo Madamu. Mtoto anashinda anamtazama kimtu kisicho na tumbo, unategemea nini? Mtoe humu ndani."

"Nami ndivyo ninavyoona," alisema Bi Pini, na kweli aliona hivyo. Kumpata mwenye makosa kulimpa nafuu. Akampandisha Madamu juu ya kabati, nyuma ya masanduku. Akamwambia Kitinda, "Ukitaka kuwa kijiti, subiri kwanza nife." Kitinda hakulia wala kubisha. Chakula kikaendelea kurudi jikoni kilivyotoka.

Jumamosi moja Bi Pini alikuwa anapitisha beseni la nguo kwenda kuanika, akasikia mtu anamwiga. Akasimama. Nyuma ya nyumba, Kitinda alikuwa amechuchumaa mbele ya chupa tupu ya mafuta ya kupikia, ile yenye tumbo, ameivisha kipande cha kitambaa. Midomoni alikuwa ameshika njiti za kiberiti. Mkononi alikuwa na utepe, ameuzungushia chupa na anaukaza.

"Vuta tumbo ndani, mama," alikuwa anaiambia chupa kwa sauti ya kunguruma. "Vuta tena. Mh! Wewe hata nikifanyaje, huwi mtu."

Beseni lilikuwa zito lakini Bi Pini hakuliweka chini. Maneno yalikuwa yake, na sauti yake, hata ule mguno. Madamu alikuwa juu ya kabati amefunga mdomo kama alivyoufunga siku zote. Maskini yule hakupata kusema neno lolote humu ndani. Aliyekuwa akisema ni fundi mwenyewe. Bi Pini aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, akarudi ndani na nguo mbichi.

Jioni hiyo alimshusha Madamu, akamfuta vumbi, akamrudisha mezani. Sare hakuifumua. Aliitundika kwenye msumari karibu na cherehani, bandi zote zikiwa vilevile, akamwambia Kitinda, "Hii umeshona wewe. Mkono mzuri. Kufumua au kutofumua, fundi ni wewe."

Kitinda alitazama sare, akamtazama mama yake, hakuelewa ni mtego au nini. Alimtarajia yule mama wa maneno makali, si huyu.

Kesho yake alikuja Mama Mapacha, mteja wa miaka na miaka, kupimwa gauni la harusi ya mdogo wake. Alisimama mbele ya kioo na kabla hajaambiwa chochote akavuta tumbo, macho yakamtoka. Bi Pini akatoa pini midomoni, zote, akazichomeka kwenye kile kimto chake cha pini.

"Achia, Mama Mapacha. Pumua."

"Leo una nini? Unataka kunishonea gunia?"

"Nataka ukale harusi ya mdogo wako umekaa kitako. Pumua, nakusubiri." Akageuka. "Kitinda, njoo unishikie futi."

Mama Mapacha akapumua, akalalamika, akapimwa, akaondoka akisema mtaa mzima utajua kwamba Bi Pini anazeeka. Kitinda alibaki nyuma ya pazia na futi mkononi. Alimtazama Madamu pale mezani.

"Mama, huyu akipumua gauni si litapasuka?"

"Huyu hapumui, mwanangu."

Kitinda akafikiri. Kisha akasema, "Sasa zamu yako. Simama nikupime."

Bi Pini akasimama mbele ya kioo, mikono juu kidogo, jinsi alivyowasimamisha wengine maisha yake yote. Mtoto akamzungushia futi kiunoni, ikakutana mbele. Lakini hakusoma namba. Alisubiri, kichwa ameinua, anamwangalia usoni.

"Soma basi," alisema Bi Pini.

"Umevuta."

"Sijavuta."

"Mama, umevuta."

Bi Pini akajitazama. Ni kweli alikuwa amevuta, na hakukumbuka ni lini alianza. Labda alivuta sokoni, alivuta kwenye picha zote za ukutani, alivuta hata alipokuwa peke yake humu na kioo chake. Kuachia kulikuwa kugumu kuliko alivyodhani alipomwambia Mama Mapacha apumue. Machozi yakamlengalenga, na akaachia. Tumbo lililobeba watoto wote wale likarudi mahali pake, futi ikateleza kidogo kwenye vidole vya Kitinda.

Kitinda akacheka kile kicheko chake cha getini. Halafu akauchukua wembe mezani, akaishusha sare kutoka msumarini, akakaa chini kufumua.